Dakika za Kurudi

Mji wa Bethel, kusini-magharibi mwa Alaska, hauna barabara inayouunganisha na miji mingine ya jimbo hilo. Unafika kwa ndege, au kwa boti wakati wa kiangazi kupitia mto Kuskokwim. Mto ukishaganda, magari hupita juu ya barafu kwenda vijiji vya jirani. Hospitali ya hapo inahudumia vijiji vipatavyo 50 vilivyotawanyika kwenye delta, na wakazi wake wengi ni Wayup'ik. Mgonjwa akihitaji hospitali ya rufaa ya wenyeji wa asili, hupanda ndege nyingine hadi Anchorage, umbali wa kilomita zipatazo 640.

Wenyeji wa asili wa Alaska ndio wenye kiwango cha juu kabisa cha saratani ya utumbo mpana kilichowahi kuandikwa duniani. Huwapata zaidi ya mara mbili ya inavyowapata Wamarekani weupe, ndiyo maana wakati Wamarekani wengine wanashauriwa kuanza kupimwa wakiwa na miaka 45, wao huambiwa waanze na 40. Kwa nini wanaugua kiasi hicho ni hadithi ndefu, na chakula chenye nyuzinyuzi kidogo ni mojawapo ya vinavyoshukiwa. Hapa nataka tukae na swali jingine, ambalo wapanga bajeti za afya hulipita haraka: mtu wa kijijini akishafikishwa kwenye kitanda cha kolonoskopi, anapimwa vizuri kiasi gani?

Tuanze na kifaa chenyewe. Kolonoskopi ni mpira mrefu unaopinda, wenye taa na kamera mbele. Huingizwa kupitia njia ya haja kubwa, ukasukumwa polepole hadi mwanzo wa utumbo mpana, pale utumbo mwembamba unapomwagia. Ni safari ya mita moja na nusu hivi. Ndani ya mpira huo mna kijitundu cha kupitishia kitanzi cha waya, na kitanzi hicho ndicho kilichobadilisha mambo. Mwaka 1969, katika hospitali ya Beth Israel jijini New York, William Wolff na Hiromi Shinya walianza kukitumia kukata vinyama vilivyoota ndani ya utumbo, bila kumpasua mgonjwa tumbo. Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia kwenye vinyama vya aina hiyo, vinavyoitwa adenoma, na huchukua miaka, mara nyingi kumi na zaidi, kabla havijageuka. Ukikikata kinyama leo, umeifuta saratani ya kesho. Ann Zauber na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi watu waliokatwa adenoma, na mwaka 2012 wakaripoti kwamba vifo vya saratani hiyo miongoni mwao vilikuwa vimepungua kwa asilimia 53 kuliko ilivyotarajiwa.

Kwa hiyo kipimo hiki ni uchunguzi na kinga kwa mpigo mmoja, mradi kinyama kionekane. Daktari anayekipita bila kukiona humrudisha mgonjwa nyumbani na karatasi inayosema yuko salama kwa miaka kumi. Karatasi hiyo ni mbaya kuliko kutopimwa kabisa, maana mtu ambaye hajapimwa walau ana wasiwasi, na damu ikitokea chooni atakwenda kuuliza.

Makosa ya namna hii si ya nadra, na hayaishii kwa madaktari wachanga. Mwaka 2014 Douglas Corley na wenzake walichapisha uchambuzi wa kolonoskopi 314,872 zilizofanywa na madaktari bingwa 136 wa shirika la Kaiser Permanente, kaskazini mwa California. Walihesabu jambo moja: katika kila wagonjwa 100, daktari huyu amewakuta wangapi na adenoma angalau moja? Wa chini kabisa alikuwa na asilimia 7.4, wa juu kabisa 52.5. Wote ni mabingwa, wote wanafanya kazi kwenye mfumo mmoja, na mmoja anaona mara saba ya anachoona mwenzake. Kila asilimia moja ya nyongeza katika kiwango hicho iliendana na upungufu wa asilimia 3 katika hatari ya mgonjwa kuja kuugua saratani baada ya kuambiwa yuko salama, na asilimia 5 katika hatari ya saratani ya kuua. Miaka minne kabla, Michal Kaminski na wenzake walikuwa wameliona jambo hilohilo Poland, katika watu 45,026 waliopimwa na madaktari 186. Wagonjwa wa madaktari waliokuwa chini ya asilimia 20 walipata saratani za namna hiyo mara kumi na zaidi ya wagonjwa wa wenye kiwango cha juu, ingawa hesabu hiyo ilisimama juu ya wagonjwa 42 tu, na namba ndogo hupenda kutia chumvi.

Sasa mpeleke daktari huyo wa asilimia 7.4 kijijini. Mtu wa mjini aliyepimwa vibaya bado ana nafasi nyingine: atabadilisha hospitali, atahamia bima nyingine, ataumwa tumbo na kupigwa picha. Mtu wa delta ya Kuskokwim amesubiri miezi, amepanda ndege, ameacha nyavu wakati samaki wa samoni wanapanda mto. Akiambiwa arudi baada ya miaka kumi, atarudi baada ya miaka kumi, pengine kumi na miwili. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema vijijini tuanze kwa kuwafikia watu, ubora utafuata. Nafasi zikiwa chache, kila moja inapaswa kutumika vizuri zaidi, kwa sababu haina ya akiba.

Ni nani anayeushika mpira huko mashambani? Katika miji midogo ya Marekani mara nyingi ni daktari wa upasuaji wa jumla, au daktari wa familia ambaye asubuhi amezalisha, mchana anapima matumbo na jioni yuko zamu ya dharura. Kuna dharau fulani juu ya madaktari hawa, na takwimu haziiungi mkono sana. Uchambuzi wa mwaka 2009 uliounganisha tafiti 12 zenye wagonjwa 18,292 ulionyesha kwamba madaktari wa huduma za msingi walikuta adenoma kwa asilimia 28.9 ya wagonjwa, kiwango ambacho mabingwa wengi wa wakati ule wasingekionea haya. Upungufu wao ulikuwa kwingine: walifika mwisho wa utumbo kwa asilimia 89.2, chini kidogo ya 90 iliyokuwa ikitakiwa. Alaska nako madaktari wa Anchorage wamekuwa wakisafiri kwenda hospitali za mikoani kupima kwa siku kadhaa kisha kuondoka. Orodha ya wagonjwa hujazwa mapema, wasindikizaji wa wagonjwa hupiga simu, ndege hukatiwa tiketi. Kisha ukungu ukishuka uwanjani siku hiyo, kila kitu kinaahirishwa, na watu ambao tayari wamekunywa dawa ya kusafisha tumbo wanabaki wakitazamana.

Dawa hiyo inastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu vipimo vingi huharibikia hapo, saa nyingi kabla daktari hajavaa glavu. Mgonjwa hunywa hadi lita nne za maji ya chumvichumvi, aharishe mpaka kitokacho kiwe cha njano nyepesi unayoweza kuona upande wa pili. Zamani ilikuwa kawaida kuinywa yote jioni, mtu alale, apimwe kesho yake. Tatizo ni kwamba utumbo mwembamba haulali. Usiku kucha unaendelea kushusha majimaji mazito yenye nyongo, nayo hutua upande wa kulia wa utumbo mpana: ni kama sufuria iliyosuguliwa vizuri jioni kisha ikaachwa chini ya bomba linalovuja. Na upande huo wa kulia ndiko hukaa vinyama bapa, vya rangi ya ngozi ya utumbo wenyewe, ambavyo hata penye usafi huonekana kwa taabu. Dawa ya leo hugawanywa: nusu jioni, nusu saa nne hadi sita kabla ya kipimo. Hakuna mashine mpya iliyohitajika, ni ratiba tu iliyobadilishwa, na utumbo ukawa safi zaidi.

Lakini hebu ipeleke ratiba hiyo kijijini. Nusu ya pili inywewe alfajiri, na mgonjwa anatakiwa awe kwenye ndege ya abiria wachache isiyo na choo. Au yuko nyumbani ambako hakuna maji ya bomba wala choo cha kuvuta, na familia hutumia ndoo, hali ambayo bado ipo katika vijiji kadhaa vya Alaska. Anayemwandikia mtu huyu dawa kwa kumpa karatasi ya maelekezo iliyochapwa mjini hajafanya kazi yake. Suluhisho ni la kinyumba kabisa: mgonjwa afike mji wa hospitali siku moja kabla, apate kitanda kwenye hosteli, choo cha karibu, na mtu wa kumwuliza. Gharama ya usiku mmoja wa malazi ni ndogo mbele ya kipimo kilichoharibika, maana kipimo kisichoonyesha kitu kwa sababu ya uchafu hurudiwa ndani ya mwaka, na kurudiwa kwake kunakula nafasi ya jirani.

Msaada mkubwa hapa hutoka kwa wahudumu wa afya wa vijijini. Mpango wao Alaska ulirasimishwa mwaka 1968, ukitokana na watu waliokuwa wakigawa dawa za kifua kikuu vijijini miaka ya 1950. Ni watu wa pale pale, wanajua lugha, wanajua nani ana presha na nani anaishi peke yake. Wao pia huweza kuuliza lile swali linalowashinda wengi: choo chako sasa kina rangi gani? Kwetu Afrika Mashariki, mzee wa miaka 60 kulijibu swali hilo mbele ya nesi aliye rika la mjukuu wake ni mtihani, na akisema "kiko sawa, mwanangu" anaweza kumaanisha lolote. Alaska waliamua kuiondoa aibu kwa njia ambayo sikuitarajia kutoka shirika la afya: wana utumbo mkubwa wa kupulizwa hewa, uliopewa jina Nolan, unaokunjwa na kusafirishwa kwa ndege hadi vijijini. Watu hupita ndani yake, watoto wakicheka, huku wakitazama adenoma inavyokua hadi kuwa saratani. Baada ya hapo kuzungumzia choo si jambo la ajabu tena.

Usafi wenyewe hupimwa kwa namba. Kipimo kinachotumika sana, kilichoanzia Boston, huugawa utumbo sehemu tatu na kuipa kila moja alama kati ya 0 na 3. Kila sehemu inatakiwa ipate angalau 2. Hospitali ambayo zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kumi hafikii hapo ina kazi ya kufanya kwenye maelekezo na malazi kabla ya kumlaumu daktari.

Tuje kwa daktari sasa. Mgonjwa hudhani kazi ni kuusukuma mpira hadi mwisho. Kuusukuma ni ustadi wa mkono, na ukimaliza unapiga picha ya mwisho wa utumbo iwe ushahidi kwamba ulifika. Kutazama kwenyewe hufanyika wakati wa kurudi. Mpira ukivutwa nje polepole, daktari hufunua kila kunjo, huosha, hunyonya maji, humgeuza mgonjwa ubavu mwingine. Mwaka 2006 Robert Barclay na wenzake waliripoti kazi ya madaktari 12 wa Rockford, Illinois, katika kolonoskopi 7,882. Walipima muda wa kurudi pale ambapo hakuna kilichokatwa: mmoja alitumia wastani wa dakika 3.1, mwingine 16.8. Waliotumia dakika sita na kuendelea walikuta vinyama kwa asilimia 28.3 ya wagonjwa. Waliokwenda mbio, asilimia 11.8. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2024 umeupandisha muda huo hadi dakika nane.

Hapo kila msimamizi wa hospitali huruka na kununua saa ya ukutani. Asifanye haraka. Rockford walipoweka saa yenye kengele kila baada ya dakika mbili, ili daktari ajue amegawaje muda wake katika utumbo mzima, viwango vilipanda kweli. Hospitali moja ya Boston iliyotoa tu amri ya dakika saba ilipata utii karibu kamili, na vinyama vilivyoonekana havikuongezeka. Daktari anaweza kusubiri saa ifike huku macho yake yameshaondoka. Dakika husaidia mtu aliyefundishwa atazame nini ndani yake.

Shida ya kijijini ni kwamba hata kujua daktari anaona au haoni si rahisi. Chukua daktari anayepima watu 60 kwa mwaka na kuwakuta 15 na adenoma. Ni asilimia 25. Lakini kwa idadi hiyo, uwezo wake halisi unaweza kuwa popote kati ya 16 na 37 hivi. Mwaka mmoja ataonekana hodari, mwaka unaofuata mzembe, na yeye hajabadilika. Kumhukumu kwa namba hiyo ni dhuluma, na kutoitunza ni uzembe. Kinachowezekana ni kujumlisha miaka mitatu au minne, au hospitali kadhaa ndogo kuunganisha takwimu zao na kuzijadili pamoja kwa simu ya video. Tena namba yenyewe hutegemea majibu ya maabara: kinyama kimesafirishwa kwenye chupa hadi mjini, jibu limerudi baada ya wiki, na mtu lazima akae alioanishe na jina la mgonjwa. Wanaokwepa kazi hiyo huhesabu vinyama vyote bila kujali aina. Hapo daktari mwerevu atakata vile vidogo visivyo na madhara vilivyojaa karibu na njia ya kutokea, na kiwango chake kitang'aa. Mwingine akishapata adenoma moja ataona amemaliza, kwa kuwa hesabu inauliza "angalau moja". Kila kipimo cha ubora kina mlango wa uani.

Bado napenda namba, kwa sababu ya kilichotokea Uingereza. Mwaka 1999 walifanya ukaguzi wa kolonoskopi 9,223, na walipohesabu kwa ukali wakakuta mpira umefika mwisho kwa asilimia 56.9 tu. Ilikuwa fedheha, na waliichapisha. Yakafuata mafunzo yenye mtaala, mitihani, vituo kukaguliwa ndipo vipewe ithibati. Ukaguzi wa mwaka 2011, safari hii kwa kolonoskopi zaidi ya 20,000, ulitoa asilimia 92.3. Poland nao walijaribu kitu cha busara: vituo vilivyokuwa nyuma viligawanywa kwa bahati nasibu, vingine vikapewa takwimu zao tu, vingine mkuu wa kituo akapelekwa mafunzoni, kisha arudi kuwafundisha wenzake. Kundi la pili lilipanda zaidi. Kwa hospitali ya wilaya yenye madaktari wawili hiyo ni habari njema, kwani mtu wa kumpeleka mafunzoni ni mmoja.

Kuhusu akili mnemba inayochora kisanduku cha rangi kwenye skrini kila inapoona kinyama, nina mashaka yangu. Inasaidia ikiwa imewashwa. Mwaka 2025 watafiti wa Poland waliripoti kwamba madaktari waliozoea kuitumia, walipopima bila hiyo, kiwango chao kilishuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Fikiria hospitali ambako leseni ya programu imeisha na fundi yuko kilomita 600.

Si kila mtu anahitaji kuanzia kwenye mpira, hata hivyo. Kipimo cha choo kinaweza kuchuja wanaohitaji zaidi. Alaska vipimo vya zamani vya damu iliyojificha viliwasumbua kwa sababu bakteria wa vidonda vya tumbo wamejaa, na tumbo linalovuja damu huleta majibu ya uongo. Utafiti wa mwaka 2016 ulioandikisha wenyeji 868 ulionyesha kwamba kipimo kinachotafuta vinasaba kwenye choo kiligundua karibu nusu ya vinyama vya hatari na saratani, na kile cha damu kilichoboreshwa kiligundua kama robo na ushee. Lakini jibu likiwa chanya, kolonoskopi haikwepeki, na takwimu za Kaiser zinaonyesha hatari ikianza kupanda mgonjwa akicheleweshwa zaidi ya miezi kumi. Kugawa vipimo vya choo bila nafasi za mpira ni kuwagawia watu hofu.

Na huku kwetu? Mwongozo wa Marekani sasa unataka daktari aone adenoma kwa asilimia 35 ya anaowachunguza. Ukiinakili namba hiyo Bomet au Sumbawanga, utawaonea madaktari wako. Katika utafiti wa Stephen O'Keefe wa mwaka 2015, Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini KwaZulu-Natal walipimwa kwa kolonoskopi. Karibu nusu ya Wamarekani walikuwa na vinyama, na kwa Waafrika wale hakikuonekana hata kimoja. Vyakula vyetu vinabadilika, miji inakua, na saratani hii inaongezeka, lakini vinyama havijawa vingi hivyo vijijini. Tena wengi wanaofikishwa kwenye mashine hapa tayari wanatoka damu, na kipimo hicho cha adenoma hapo awali kilitungwa kwa ajili ya watu wasio na dalili.

Kwa hiyo ningeanza na yale yasiyotegemea mgonjwa amekula nini utotoni. Kaunta buku moja kwenye chumba cha kipimo, safu nne. Usafi wa utumbo kwa alama za sehemu tatu. Kama mpira ulifika mwisho, na picha iko wapi. Dakika za kurudi. Na ya nne, ambayo nesi wa zamu ndiye atakayeijaza wiki kadhaa baadaye kwa kalamu ya rangi tofauti: tarehe ambayo majibu ya maabara yalimfikia mgonjwa mwenyewe, pamoja na mwaka aliotajiwa kurudi.